Chuma Kilichochunwa Ngozi

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo sijapata kulifumbua, ingawa nimewauliza wote waliokuwapo. Kabati la chuma la Eliufoo lilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo wa kwanza aliuvaa shingoni. Wa pili ulilala kituo cha polisi, na askari mmoja aitwaye Mathew aliuleta kila asubuhi saa mbili, akafungua, akasaini, akaondoka nao. Jumanne moja ya mwezi wa nne, masika yakiwa yameshika, kabati lilifunguliwa mbele ya watu watatu, na vipuri vya bastola vilivyoachwa jana yake vimechanganyika kwenye kopo moja vilikutwa vimepangwa.

Vilipangwa na mtu anayejua. Rafu ya juu, kwenye kitambaa safi, zilikuwa nyundo na triga zilizofuliwa na kuchongwa kutoka kwenye chuma kizima. Rafu ya kati, zilizomiminwa kwenye kalibu. Zile za unga wa chuma uliobanwa na kuokwa zilikuwa chini kabisa, zimemwagwa vumbini kama makapi. Miongoni mwa hizo za chini zilikuwamo nyundo mbili ambazo Eliufoo aliapa kuwa zimefuliwa. Alizibana kwenye jiriwa, akazivunja kwa hasira. Ndani zilikuwa na chembechembe za kijivu, kavu kama mkate wa juzi. Aliyepanga alikuwa sahihi, na fundi alikuwa amekosea.

"Nani amegusa?" Eliufoo aliuliza.

"Funguo mnazo nyinyi wawili, baba," alijibu bintiye Gladness.

Mathew alirudi nyuma hatua moja. "Mzee, mimi hata sijui nyundo ya bastola inakaa upande gani. Msiniingize."

Lakini kilichomshtua Eliufoo zaidi kilikuwa ndani ya kabati, juu ya vyote, kwenye kitambaa cha peke yake kilichokunjwa mara nne. Zilikuwa nyundo moja na triga moja, chafu, zenye mabonde, ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu uani, Jumamosi iliyopita.

Eliufoo alikuwa fundi wa silaha mwenye leseni, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yake Rau, chumba cha tofali chenye nondo madirishani. Bunduki za walinzi na rivolva za wafanyabiashara zilipita mikononi mwake. Gladness, mwenye miaka ishirini na sita, alifanya kazi naye na alikuwa na jicho kali kuliko la baba yake. Mkewe, Elinipendo, alifuga ng'ombe wawili na hakuingia karakana. Alisema harufu ya mafuta ya bunduki inamkaa kooni.

Eliufoo alikuwa na dharau. Sisemi hivyo kumshtaki. Mtu aliyekodolea chuma macho kwa miaka thelathini huiona aibu ya kitu kabla hajaiona faida yake, na pengine hawezi tena kuona vinginevyo. Alimfundisha binti yake hivi:

"Shika hii nyundo. Hiki ndicho kipande kinachogonga risasi, kwa hiyo ndicho kinachosema ukweli. Unaona mistari myembamba? Meno ya mashine yamepita hapo. Na rangi hizi, kama mafuta juu ya dimbwi, ni kwa sababu iliokwa ndani ya mkaa wa mifupa, ikazamishwa majini. Nje ngumu, ndani laini. Sasa shika hii nyingine."

"Ina rangi moja kila mahali."

"Kama uso wa mlevi. Geuza triga yake. Nyuma ina shimo kama kijiko, wamebania chuma. Ubavuni kidoa cha duara, hapo ndipo iliposukumwa kutoka kwenye kalibu. Na huu mshono. Unga, mama, umeokwa kama mkate."

"Lakini si inalia vilevile, baba?"

"Hata debe linalia." Kisha akasonya, kwa meno ya mbele, msonyo mrefu mwembamba ambao mtaa mzima uliufahamu.

Jumamosi ile ya ndoo ya vyuma chakavu alikuwa amekuja Godbless, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kwa Sadala, na rivolva aliyoachiwa na babu yake pamoja na kibali chake. Alitaka isafishwe tu. Eliufoo aliifungua na kukuta nyundo na triga ambazo hazikutoka kiwandani. Zilikuwa nyeusi tii, hazina namba, upande mmoja mnene kuliko mwingine.

"Nani alikutengenezea huu uchafu? Mfua majembe?"

"Babu alisema ilivunjika zamani sana, mhunzi wa kule Mamba akamfulia nyingine," Godbless alijibu taratibu. "Haijawahi kugoma, mzee wangu."

"Haikugoma kwa sababu haikujua kuwa ni bastola. Nitakuwekea mpya."

Godbless alipoondoka na bastola yake, Eliufoo alivitia vile vipuri vya zamani kwenye grenda ili aone kilichoko chini ya weusi ule. Weusi ulitoka kama ngozi ya ndizi iliyoungua, na chumba kikajaa harufu ya kwato inayochomwa. Chini yake kulikuwa na alama za nyundo ya mhunzi, moja juu ya nyingine, wala si nadhifu. Eliufoo alisonya, akavitemea mate, akavitupa kwenye ndoo. Gladness alicheka.

Siku tatu baadaye ndipo kabati likakutwa limepangwa.

Jumatano, saa sita mchana, Eliufoo alikuwa akipiga tupa jino la triga. Tupa iliteleza kidogo, unywele tu, na nyuma yake mtu akasonya.

"Gladness, adabu."

Aligeuka. Gladness alikuwa nje kwenye bomba, ndoo inajaa, mgongo umeelekea mlimani.

Alirudia kazi. Kwa robo saa alipiga tupa vizuri na chumba kilikuwa kimya. Akakosea tena, msonyo ukaja tena, karibu zaidi, kwenye sikio la kushoto, na pumzi yake ilikuwa ya moto. Mpaka jioni alikuwa ameuhesabu mara tisa. Kilichomtisha si kwamba kitu kile kilisonya, bali kwamba hakikusonya ovyo hata mara moja. Kila kiliposonya alitazama kwa lenzi na kukuta kosa.

Alhamisi ilikuja sauti ya mivukuto, mifuko miwili ya ngozi ikipumua kwa zamu, huu ukijaa huo ukitoa, ndani ya chumba kisicho na moto wowote. Ijumaa mikono yake ilianza kutetemeka, na mikono ikitetemeka makosa huongezeka, na makosa yakiongezeka sauti ile haipati nafasi ya kunyamaza. Alitoka nje, akafunga mlango, akaketi zizini kwa ng'ombe.

"Una nini?" Elinipendo alimwuliza.

"Hakuna kitu."

"Umekuwa mweupe kama ugali."

Jumamosi mchana sauti ilinyamaza. Eliufoo alishukuru Mungu. Walikaa mezani, Elinipendo akapakua machalari ya ndizi na nyama, Gladness akaweka kipande cha ndizi mdomoni, akakitafuna polepole, akakitema kwenye kiganja, akakitazama. Kisha akasonya.

Haukuwa msonyo wa msichana. Ulitoka kwenye kifua kipana cha mzee.

"Glady," Elinipendo alisema kwa sauti ndogo. "Mimi mama yako unanisonya?"

"Umepika miaka yote hii," Gladness alisema, na sauti nayo haikuwa yake, "na hujajifunza. Nje imeiva, ndani mbichi. Chakula cha kalibu."

Hakula siku hiyo wala iliyofuata. Kila alicholetewa alikikwangua kwa ukucha kuona kilichoko chini, akakisukuma. Maziwa yalikuwa na mshono. Chai ilikuwa na mshono. Wazee wa kanisa walikuja kuomba, wanaume wanne wazuri waliomjua tangu ubatizo wake, naye aliwasikiliza hadi mwisho kwa heshima, akawaambia mmoja mmoja ni mahali gani hasa katika sala yake alipokuwa akiwaza jambo jingine. Walitoka wakitazama viatu vyao. Sidhani kama walikosa imani. Nadhani aliwaambia kweli, na kweli ya namna hiyo haina majibu.

Siku ya nane Gladness alikuwa amekonda hadi pete ikamchomoka kidoleni. Alikunywa maji ya mvua tu, kwa sababu hayo, alisema, hayakutengenezwa na mtu.

Siku ya tisa, alasiri, mvua ikipiga bati hata watu wa nyumba moja hawasikiani, Elinipendo alitoka zizini na kukuta mlango wa karakana uko wazi, naye ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti kile akavuka, akanusa kwato zinazoungua na kusikia mifuko ile miwili ikipumua, huu ukijaa huo ukitoa, akamwona mwanawe ameketi mbele ya jiriwa, mkono wa kushoto ameulaza juu ya meza, tupa iko mkono wa kulia, anaipitisha juu ya mkono wake mwenyewe kwa utulivu wa fundi asiye na haraka, mbele na nyuma, mbele na nyuma, akipuliza, akitazama, kana kwamba kilichokuwa mezani si nyama iliyomtoka mama yake bali kipuri cha mteja.

"Mama, usilie," alisema bila kugeuka. "Natafuta mshono. Hata mimi lazima ninao."

Walimpeleka Bomang'ombe jioni hiyo, mkono umefungwa kanga, kwa mganga aitwaye Eliona. Alikuwa mama wa makamo aliyepokea wagonjwa kwenye chumba nyuma ya duka la mbolea. Aliwasha ubani. Gladness alimshika mkono, akaigeuza bangili yake ya shaba, akaikwangua mara moja.

"Imechovywa tu," alisema, na akasonya.

Eliona aliuzima ubani. Alivua bangili, akaiweka mfukoni, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeogopa.

"Kweli imechovywa, niliambiwa ni shaba tupu. Sikilizeni. Majini ninayoyajua mimi yanataka kitu. Marashi, kanzu, damu ya kuku. Unayapa, mnaelewana. Huyu hataki kitu. Anadharau tu, na atamdharau mtoto huyu hadi amalize. Baba, mlifanya nini?"

"Hatujafanya kitu," alisema Eliufoo.

"Baba Gladness," Elinipendo alinong'ona. "Sema."

Akasema. Eliona alisikiliza hadi kwenye mate.

"Ulikichuna ngozi, ukakisonya, ukakitemea. Mpelekeni kwa waliokifua. Na msichelewe, ana siku mbili."

Alfajiri walipita Kwa Sadala kumwomba Godbless ruhusa ya vile vipuri viwili, ambavyo Eliufoo alikuwa navyo mfukoni. Alimwona Gladness kwenye kiti cha nyuma cha gari. "Chukueni," alisema haraka. "Hata bastola yenyewe chukueni. Mhunzi yule alishakufa, lakini mjukuu wake yupo. Sirili. Kila mtu Mamba anamjua."

Sirili alikuwa mzee mfupi mwenye vidole vilivyopinda, na kiwanda chake kilikuwa banda la miti kando ya mfereji, katikati ya migomba, moto wake hauzidi bakuli. Alikuwa akifua kengele ya ng'ombe. Elinipendo alimwendea na jani la isale mikononi, jani ambalo mtu wa mlimani akipelekewa hawezi kukataa kusikiliza.

"Shikamoo, meku," alimwamkia, kwa neno la mlimani la kumwita mzee.

"Marahaba, mama. Isale ya nini tena asubuhi hii?"

Walimweleza. Alivipokea vile vipuri, akavigeuza, akavinusa. Hakuonyesha hasira.

"Babu yangu hakuwahi kushika bastola mbili maishani," alimwambia Eliufoo. "Alifua hii kwa kuangalia ile iliyovunjika. Ni mbaya kweli. Ilikataa?"

"Haikukataa, mzee."

"Basi ulisonya nini?"

Sirili aliviweka vile vipuri kando ya moto.

"Katika ukoo wetu wanasema nyuma ya kila mhunzi kuna mmoja amesimama. Hana kazi ila kudharau. Ndiye anayefanya tusilale na kazi mbovu. Lakini kazi ikiisha lazima anyamazishwe, la sivyo mhunzi hataacha kufua hadi afe. Kwa hiyo tunaifunga. Nta na moshi wa pembe, halafu mate ya baraka. Hiyo ngozi nyeusi ndiyo mlango wake. Wewe uliufungua, ukamwita kwa lugha yake."

Kwenye gari Gladness alisonya. Migomba ilitikisika, na upepo haukuwapo.

Dawa, kama Sirili alivyoieleza, ilikuwa fupi. Vyuma vile viwili viunganishwe motoni kuwa kitu kimoja, kitu chochote, kisha kifungwe tena. Yule atasimama nyuma ya anayefua na kumdharau tangu pigo la kwanza hadi la mwisho. Anayefua asimjibu. Asigeuke, asijitetee, asirekebishe kwa ajili yake. "Ukimjibu, umempa kiti." Na mfuaji awe wa nyumba ile iliyomwalika. Chuma kidogo namna ile kitavumilia moto mara tatu. Mara ya nne kitaungua na kuwa makapi, na binti atabaki alivyo kwa muda uliomsalia.

"Nitafua mimi," alisema Eliufoo. "Mimi ndiye fundi."

Walimketisha Gladness kwenye gogo mlangoni. Sirili akavuta mivukuto. Chuma kikawa chekundu, kikawa cha manjano, Eliufoo akakiweka kwenye fuawe na kupiga. Alipiga vizuri. Kwenye pigo la tano sauti ilimjia kutoka kwenye kinywa cha mwanawe: "Unapiga kama anayetazamwa." Eliufoo alinyanyua nyundo, akasita, akarekebisha mkono. Chuma kilipoa.

Mara ya pili alistahimili hadi pigo la kumi na mbili. "Nyundo mbili ulizoapia," ilisema sauti. "Uliwaapia wangapi hivyo?"

"Mimi nimesomea kazi hii!" Eliufoo aligeuka, machozi yakimtoka. "Mimi si mtu wa kuambiwa..."

Chuma kilipoa. Gladness alitabasamu kwa meno yote, na damu ikaanza kupenya kwenye kanga ya mkono wake.

"Umebaki moto mmoja," alisema Sirili.

Eliufoo alisimama na nyundo mkononi, akiitazama. Ndipo Elinipendo alipovua kanga ya mabegani, akaifunga kiunoni, akaichukua ile nyundo.

"Mama, wewe hujawahi kushika nyundo," alisema Eliufoo.

"Najua."

Sirili alimtazama. "Kwa desturi mwanamke hasogei kwenye fuawe."

"Meku, utanifukuza?"

Mzee aliinama akavuta mivukuto.

Elinipendo alipiga, na pigo la kwanza lilikwenda pembeni, na sauti ikacheka, ikamwambia kwamba mkono wake ni wa kukamulia maziwa, kwamba fuawe ile haijapata kuaibishwa hivyo, akapiga, kwamba mumewe anamsonya moyoni kila siku na yeye anajua, akapiga, kwamba watoto wawili aliowazika kabla ya huyu walikufa kwa kuwa hakujua hata kubeba mimba, akapiga, kwamba huyu aliyebaki naye ana mshono kutoka utosini hadi nyayoni na ni yeye aliyemtia, akapiga, na machozi yake yalidondoka kwenye chuma yakachemka yakaisha, wala hakugeuka, wala hakujibu, wala hakujaribu kupiga vizuri zaidi, alipiga tu kama mtu anayetwanga akijua kuna watu wenye njaa nyumbani, mpaka vile vyuma viwili vikashikana vikawa kitu kirefu kilichopinda, chenye kichwa upande mmoja, ambacho kwa huruma unaweza kukiita msumari.

"Mate," alisema Sirili. "Haraka."

Elinipendo aliupaka nta, akaupitisha kwenye moshi wa pembe, akautemea mate akitaja jina la mwanawe. Weusi ulipanda juu ya chuma kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Ndani ya banda kitu kilivuta pumzi moja ndefu, na hakikuitoa.

Gladness alianguka kutoka kwenye gogo. Alipofumbua macho aliuliza kwa sauti yake mwenyewe kwa nini mama yake ameungua vidole. Kisha akasema ana njaa, na mke wa Sirili akamletea kiporo cha viazi vikuu, baridi, na alikila chote bila kukitazama.

Siku hiyohiyo, wakiwa wamekaa kwenye benchi chini ya mchirizi wa paa, waliamua mambo mawili. La kwanza, Eliufoo hatapokea tena silaha, na vyote vilivyoko kabatini vitarudishwa kwa wenyewe. Alilitekeleza yeye mwenyewe kwa wiki tatu, nyumba hadi nyumba, na nimeambiwa hakumwambia mteja yeyote neno baya juu ya bastola yake.

La pili lilihusu ule msumari. Hauwezi kuuzwa wala kutupwa, na usikae mahali ambapo fundi yeyote ataupima kwa macho. Sirili alisema upigiliwe ndani ya nguzo kuu ya kiwanda chake hadi kichwa kizame, na shimo lizibwe kwa nta. Elinipendo alijitolea. Eliufoo naye. Gladness akasema hapana, wamwachie.

Walingoja hadi apate nguvu za kusimama. Jumamosi ya tatu alipanda Mamba peke yake, akaamkia, akapewa nyundo. Sirili alimnyooshea msumari juu ya jani. Gladness aliuchukua, akageuza uso kuelekea migombani, na akaupigilia wote, mapigo manane, bila kuutazama.